Moshi wa Nyumba ya Kumi na Mbili

Uvumilivu wangu uliisha mbele ya sahani ya viazi.

Mvua ilinirudisha mapema kutoka shambani, nikamukuta Sifa, binti yangu, ameketi mbele ya mulango wa nyumba ya kumi na mbili, sahani juu ya magoti. Viazi vilikuwa vimepoa. Hakuwa amekula hata kimoja, na Sifa si mutoto wa kuacha viazi. Nilipomuuliza anafanya nini pale, akaweka kidole kwenye midomo, yaani ninyamaze.

"Ni ya papa," akasema polepole. "Iko ndani. Nimesikia anakohoa."

Baba yake alikuwa amekufa tangu misimu miwili ya maharagwe. Mama mukwe wangu na ndugu za mume wangu walimuosha, tukamuzika nyuma ya migomba yetu, na Sifa alikuwa mugongoni mwangu siku hiyo. Lakini juu ya paa la nyumba ya kumi na mbili moshi ulikuwa unatoka, mwembamba, wa kuni mbichi, kama kila asubuhi, na kwenye mulango kulikuwa na kibao chenye jina la mume wangu.

Nikausukuma mulango. Hapakuwa na muntu. Palikuwa na moto, kiti kifupi karibu na moto, na chungu cha maji kilichoanza kuimba. Nikamwaga maji yote juu ya moto. Nilipotoka nje na majivu kwenye uso, watu wa Mustari, kijiji chetu, walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Hawakuniangalia hata mimi. Waliangalia paa, wakingoja kuona kama moshi utarudi.

Muntu aliyeuwasha moto ule kila asubuhi nimemujua tangu nikiwa mudogo kuliko Sifa, na ninataka kumwandika kama alivyo, si kama ninavyomutukana jikoni. Wote tulimwita Karani. Jina alikuwa nalo, kama kila muntu, lakini aliandika majina ya wengine mara nyingi mpaka lake likasahaulika. Alikuwa karani wa mwami, mukubwa wa inchi yetu. Kazi yake ilikuwa kodi: kila mwanaume mwenye nguvu alikuwa na buku yake ndogo, na Karani alikuwa na buku kubwa ambamo wote walikuwamo.

Kila asubuhi alitembea na kigae cha chungu kilichojaa makaa. Hiyo njo picha ya kwanza ninayoiona nikifunga macho: si kalamu, si kofia yake ya kaki, ni kigae. Alikibeba kwa mikono miwili, amekifunika kwa majivu ili makaa yasife, akaingia nyumba moja, akatoka, akaingia nyingine. Alinuka moshi mpaka ndani ya mifupa. Siku ya Mungu, kanisani, watu walimuachia nafasi kidogo kwenye benchi, na yeye alidhani ni heshima.

Wageni hawajui Mustari ulivyokuwa, basi nieleze. Serikali iliwashusha watu kutoka milimani ikawapanga kando ya barabara, nyumba moja baada ya nyingine, milango yote ikitazama upande mumoja, ili wahesabike bila mwenye kuhesabu kupanda mulima. Wengi hawakupenda. Mashamba yao yalibaki juu, na makaburi ya wazee wao yalibaki juu. Wakapanda tena polepole, ao wanaume wakaenda Walikale, kwenye machimbo na kwenye kazi za musitu, hawakurudi. Nyumba zao zikabaki wazi barabarani kama kinywa chenye meno machache.

Karani hakuweza kuvumilia jambo hilo. Alitaka mji. Hakutaka kitu kingine duniani. Sikumusikia hata siku moja akisema juu ya ng'ombe, ao juu ya kuoa tena baada ya mama wa nyumba yake kufa. Alitaka duka lenye bati, soko lenye siku yake, lori lenye kusimama, na dispanseri ya kutibu wagonjwa. Na alijua mambo yale yanakuja namna gani, kwa sababu aliyasikia Teritwari, ofisi ya Serikali kule Masisi. Mahali penye wenye kodi wengi, Serikali inapaita kituo. Mahali panapoitwa kituo, bwana wa duka anapewa kiwanja. Na mahali penye duka, ushuru wa soko unabaki kidogo kwa kutengeneza mahali penyewe.

Bwana wa duka wa kwanza alikuja nikiwa ningali ninasoma kwa masista. Alisimamisha lori ng'ambo ya bonde, akashuka na darubini yake, akaangalia upande wetu muda mufupi, akapanda tena lori. Hakuvuka hata daraja. Karani alikuwa amevaa shati safi, amesimama barabarani na buku kubwa chini ya kwapa. Alisimama pale mpaka vumbi la lori likalala. Halafu akageuka akaangalia Mustari kama bwana yule alivyouangalia, akauona: mapaa mengi, moshi mahali pachache.

"Shasha iko na ziwa," akatuambia jioni ile. "Bweremana iko na ziwa. Siye tuko na nini? Siye tuko na kuni."

Watu walicheka. Hakuwa anafanya muchezo. Tangu kesho yake kila nyumba tupu ilipewa moto asubuhi, na kila mwanamuke wa Mustari alipewa zamu ya kuleta kuni. Moto peke yake haukutosha kwake. Alisema nyumba yenye kuishi muntu ina njia, basi aliingia na kutoka mara nyingi kwenye kila mulango, bila shuguli yoyote, mpaka majani yakafa na njia ikaonekana. Alitundika nguo kuukuu kwenye kamba. Nguo zile zilinyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena, hakuna aliyezivaa. Na kabla ya kutoka kwenye kila nyumba alikohoa, kikohozi kinene cha muntu mume aliyeamka sasa hivi, kwa sababu, alisema, nyumba isiyo na sauti inajulikana hata kwa kipofu.

Mimi pia niliwasha. Nalisema mwenyewe ili asinisemee mwingine. Nilirudi likizo kutoka shule, zamu ya mama yangu ikaniangukia, na siku bwana wa pili wa duka alipopita kwa miguu na Karani, mimi nilikuwa ndani ya nyumba tupu na musichana mwenzangu. Tulikohoa kama wanaume. Tuligongagonga chungu. Bwana akauliza mwenyewe wa pale ni nani, Karani akataja jina bila kusimama, na sisi tukauma vitambaa vyetu tusicheke. Jina alilotaja lilikuwa la muntu wa Walikale ambaye mke wake alikuwa ameisha kunyoa nywele za matanga. Sikulifikiria. Nilikuwa musichana, na kilikuwa kicheko kizuri.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa njo watu wananishinda kwa maneno. Alifaulu. Bwana yule alijenga duka. Lori ikasimama, mara moja kwa juma, halafu mara mbili. Chumvi ikashuka bei. Watu wa Kingi wakateremsha kabichi na maharagwe kwetu, na samaki wa Shasha wakafika wangali wanaweza kuliwa. Watu wazima kabisa, wenye damu, wakaja kuomba viwanja, wakajenga kupita kona, mpaka Mustari ukawa na upande wa pili. Vyote hivi vilikuja kwa sababu ya moshi wa watu wasiokuwapo. Mimi mwenyewe nilinunua pale kitambaa cha kumupokea Sifa alipozaliwa.

Lakini moshi unataka mwenyewe. Mwenye kuhesabu wa Teritwari alipopita na kukuta paa lenye moshi, aliuliza jina, na jina lilitaka buku, na buku ilitaka kodi. Karani hakuweza kusema hakuna muntu. Basi akaacha kufuta. Aliyekwenda Walikale akanyamaza, alibaki ndani ya buku. Aliyekufa, alibaki. Karani alichukua buku ndogo ya mufu kwa mujane wake, akaitundika kwa kamba ndani ya nyumba tupu, akaweka kibao mulangoni, na muntu yule akawa raia wa Mustari kuliko alivyokuwa akiwa muzima.

Kodi zao alizilipa yeye. Mbuzi zake zilikwenda, baisikeli ikakwenda, akabaki na makoti mawili, na la tatu kuukuu. Sijasikia muntu hata mumoja, hata adui zake, akisema Karani amekula faranga ya mwenzake. Hiyo njo inaniudhi kuliko yote. Mwizi ningejua la kumufanyia.

Na kwa wazima hakuwa na huruma. Alimupeleka ndugu yake mwenyewe kufungwa kwa kuchelewa kodi, akamusindikiza, akambebea blanketi. Mwanamuke akilia mbele yake aliangalia saa. Lakini na wafu alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa padri. Siku ya kuita majina, wanaume walisimama kwa safu mbele ya duka, na Karani alisoma buku kubwa. Muzima akichelewa kuitika alikaripiwa. Akifika kwenye jina la mufu, alilisoma kwa sauti ileile, halafu alinyamaza. Alinyamaza muda ule ambao muntu angetumia kutoka ndani, kufunga mulango wake, na kufika. Ndipo alipopiga alama na kuendelea.

Jambo lingine sikuliona mimi wa kwanza, aliliona mume wangu, na alinihadithia akiwa anavua viatu. Wanaume kwenye safu walikuwa wameanza kusogea. Jina la mufu likisomwa, bila muntu kuambiwa, huyu alikwenda kidogo kushoto, yule kidogo kulia, na pakabaki nafasi ya mabega ya muntu mumoja. Aliposema hivyo hakucheka. Aliniambia, "Leo nimesogea na miye."

Kwetu moto wa aliyekufa unazimwa. Majivu yanatolewa nje, jiko linafagiwa, halafu jamaa wanawasha moto mupya. Ni hivyo tu, haina maneno mengi. Wazee walifanya, Wakristo tunafanya. Moto wa zamani usipozimwa, mwenyewe hajui kama ameruhusiwa kwenda. Katekista wetu alituambia tusiseme hivyo, na mama yake alipokufa alizima moto kabla ya kusali.

Mume wangu alirudi kutoka Walikale na homa, akakaa nayo mwezi, akatuacha. Tulizima. Tulifagia. Siku ya tatu ya matanga Karani akaja, akakaa na wanaume, akatoa mukono wa rambirambi, halafu akaomba buku ya marehemu. Nilidhani anairudisha Teritwari, kama sheria. Nilimupa kwa mikono yangu miwili. Alinishukuru. Nakumbuka aliifuta kwa koti kabla ya kuitia mufukoni, taratibu, kama muntu anayemufuta mutoto pua.

Juma lile lile nyumba ya kumi na mbili ikawa na kibao.

Nilimukataza. Alisikiliza kofia mukononi, akasema ataona. Nilimukataza tena baada ya mavuno. Akasema Serikali inakuja kuhesabu, nivumilie kidogo, wakubwa wako karibu kutoa neno juu ya dispanseri. Kila muntu aliniambia nivumilie. Bwana wa duka alinipimia sukari juu ya kipimo bila kusema sababu. Mama mukwe wangu njo aliyeniumiza. Asubuhi moja nilimukuta barabarani, amesimama mbele ya nyumba ya kumi na mbili, anapiga makofi ya salamu kwa mutoto wake. Nikamwambia, mama, mule hamuna muntu.

"Najua," akanijibu. "Lakini moshi yake iko nzuri, sivyo?"

Nilinyamaza kwa ajili yake. Nilinyamaza hata ile asubuhi ambayo Karani alikuwa amekwenda Masisi, hakuna mwanamuke aliyekuwa na zamu, na sote tuliokuwa tunafagia mbele ya nyumba tulisikia kikohozi mule ndani. Kimoja, kinene, cha muntu aliyeamka sasa hivi. Siwaambii nililofikiri. Nawaambia tu kwamba tulikuwa wanawake watano wenye mifagio, na hakuna aliyekwenda kufungua mulango.

Nilinyamaza mpaka sahani ya viazi.

Baada ya kuuzima moto, siku mbili nyumba ya kumi na mbili ilikaa baridi. Siku ya tatu, mchana, mvua ikinyesha, nikaona moshi. Nikamuachia mama mukwe Sifa, nikaenda.

Karani alikuwa ameketi chini, si kwenye kiti. Kiti alikuwa amekiacha upande wa pili wa moto, kitupu. Buku ya mume wangu ilining'inia juu ya kiti kile, nyeusi kwa moshi, inazunguka kidogo kwenye kamba. Nilikuwa sijamuona Karani kwa karibu tangu miezi; alikuwa muzee. Mikono yake ilikuwa imeunguzwa na kigae mahali pamoja, miaka na miaka, mpaka ngozi ikawa kama ya nyayo.

"Karibu kwako, Mama Sifa," akasema.

Nikamwambia pale si kwangu, na anipe buku.

Hakuinuka. Akaniambia dispanseri imekubaliwa. Watu wa karatasi wa Serikali wamebaki kuhesabu mara moja tu, mwisho, mwezi ujao. Akikosekana muntu mumoja, kituo kinashuka, na dispanseri inapewa pengine. Alisema bila kunitisha, kama anavyosema bei ya chumvi. "Sifa akishikwa na homa kama ya papa yake, utamubeba mugongoni mpaka Masisi?"

Nilisimama pale na maji ya mvua yakinitiririka, na nilifikiri juu ya homa ile ya mwezi mzima, na juu ya njia ya kwenda Masisi.

Halafu akasema neno ambalo sikulitazamia. Aliniambia macho yake yameanza kuona mistari miwili mahali penye mumoja. Alisema nyumba ya mwisho, ile iliyo baada ya kona, ameishaiwekea kibao chake mwenyewe, na buku yake imetundikwa mule. Akifa nisimufute.

"Weye unajua kuandika," akasema. "Chukua buku kubwa. Hakuna mwingine nitamupa. Watu yangu yote iko mule."

Akanyoosha mukono kando yake, akaniwekea kwenye goti kalamu na karatasi za Serikali, zile zenye mistari, ili nianze kunakili majina yanayofifia. Nilikuwa nimechutama bila kujijua. Moto ulikuwa mzuri, nisidanganye. Baridi ya mvua ilikuwa inanitoka. Nilikuwa nimeketi upande wa Karani, tukitazama kiti kitupu, kama wageni wawili wanaomungoja mwenyewe amalize kuvaa.

Nikauliza, hivi, bila kupanga, kama yeye njo aliyekohoa asubuhi ile ya viazi. Aliifikiria. Alikuwa muntu wa kujibu sawasawa.

"Asubuhi ile sikufika," akasema. "Mvua ilizima makaa yangu njiani. Kutoka barabarani niliona moshi umeishaanza kutoka."

Nilichukua kalamu. Nilichukua karatasi. Buku ya mume wangu niliikata kwenye kamba kwa kisu changu cha shamba, na Karani hakunizuia. Aliinamisha kichwa kando kupisha, kama wanaume wanavyosogea kwenye safu. Sikuuzima moto mara hii. Ningetaka ukizimwa uzimwe na waliouruhusu, mbele ya watu, na jina lisomwe.

Kesho yake nilitembea mpaka Masisi na Sifa. Sehemu nilimubeba, sehemu alitembea. Ni mbali kweli, Karani hakudanganya. Haya njo niliyoyaacha kwenye meza ya ofisi, kwa kalamu yake na karatasi yake, na askari wa mulangoni alipiga muhuri nikiangalia:

*Kwa Bwana Administrateri wa Teritwari, Masisi.*

*Mimi ninayeandika ni mama wa Sifa, ninakaa Mustari, nyumba ya tano. Ninashitaki juu ya nyumba ya kumi na mbili.*

*Mwenye kuandikwa pale ni mume wangu. Jina lake mutalikuta katika buku ya kodi. Mimi siliandiki tena, limeandikwa vya kutosha. Alikufa kwa homa. Kaburi lake liko nyuma ya migomba yangu, muntu wenu akija nitamuonyesha. Tangu amekufa ameitwa kwenye safu na amelipiwa kodi. Ninaleta hapa buku yake.*

*Ninaomba mambo matatu. Afutwe. Kibao kitolewe. Na moto wa nyumba ile uzimwe na Serikali yenyewe, mchana, watu wote wakiwapo, kwa sababu mimi niliuzima peke yangu na haukukubali.*

*Sishitaki juu ya nyumba zingine. Wenyewe wana wake na mama zao.*

*Simushitaki Karani kwa wizi. Hakuiba. Muhesabuni yeye kwa wazima, maana yungali muzima, ingawa amejiandika kwingine.*

*Dispanseri musituondolee. Mukitaka muntu wa kujaza nafasi ya mume wangu, andikeni mimi. Ninalima, ninauza sokoni, ninajua kusoma, na nikiitwa nitaitika.*